Jembe la Babu Mgeni

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuamka alfajiri kulima kisha akanyamaza. Mtu akipalilia hata mstari mmoja wa mahindi, wiki nzima mtasikia habari za mgongo wake: mgongo unauma, mgongo umekatika, njooni muuone mgongo. Ndiyo maana Kitinda, alipotoka uani na mswaki mdomoni akakuta matuta mapya yamelizunguka jembe la ukumbusho, alisimama akasubiri mtu alalamike. Hakuna aliyelalamika.

Matuta yenyewe yalikuwa mazuri kupita kiasi. Yalikuwa yamenyooka, udongo wake mweusi na mbichi, na yalinuka mvua. Mvua haikuwa imenyesha tangu msimu uliopita. Kwingineko kote shamba lilikuwa limekauka na kupasuka nyufa hata kuku walitembea kwa kuchagua pa kukanyaga.

Jembe lile lilisimikwa jana yake. Lilikuwa la Babu Mgeni, baba wa baba yake Kitinda, aliyekuja nchi hii akiwa mtu mzima na mke, watoto na jembe hilo moja, bila ndugu wala jirani wa kumpa moto. Wenyeji walimkatia pori wasilolitaka wao. Msimu mmoja akaligeuza shamba, na tangu hapo kila mtoto wa ukoo amelelewa kwa hadithi hiyo. Waliendelea kumwita Mgeni mpaka akafa kibogoyo, amezungukwa na wajukuu, na hadi leo ukoo mzima huitwa watoto wa Mgeni.

Wazo la kufanya siku ya kumkumbuka lilikuwa la kaka mkubwa wa Kitinda, ambaye kwa kupenda mikutano aliitwa Mwenyekiti hata na mkewe. Alitaka sanamu. Fundi wa sanamu alipotaja bei, Mwenyekiti akagundua ghafla kwamba marehemu hakupenda makuu. Basi wakalitoa jembe lake lenyewe ghalani, wakamwaga zege katikati ya shamba, wakalizamisha ubapa humo, mpini ukabaki umesimama. Wote walioshiriki waliushika mpini kwa ajili ya picha. Hata Chiriku, binti wa pekee wa Kitinda, alinyanyuliwa naye akaushika.

"Lakini kaka," Kitinda alisema siku hiyo, "si tuliambiwa jembe halilali shambani?"

Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile. Jioni majembe yote yalirudi ghalani, na mtoto aliyesahau lake alirudishwa kulifuata hata kama analia. Sababu yake hakuna aliyeijua.

"Hiyo ilikuwa kwa ajili ya wezi," Mwenyekiti akamjibu. "Sasa nani ataiba zege?"

Watu wakaangua kicheko, naye Kitinda akacheka. Mtu pekee ambaye asingecheka alikuwa Shangazi, binti wa Babu Mgeni aliyebaki hai, na Shangazi alikuwa hospitali akitolewa mtoto wa jicho.

Mwenyekiti alipopigiwa simu kuhusu matuta hakushtuka hata kidogo. Alitaka picha. Akazisambaza kwa ukoo mzima na maneno "Babu yuko nasi," na ndugu walioishi mbali wakajibu kwa vikatuni vya machozi ya furaha. Kitinda akaona haya kusema kwamba alipougusa mpini ulikuwa na jasho, na kwamba jasho lile lilikuwa la moto.

Kazi yake ilikuwa ushonaji. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kurudi nyumbani kama msamaha wa rais, kwa hiyo mchana kutwa Kitinda alikaa barazani na cherehani yake, wakati huu akishona sare za ukoo kwa siku ya kumbukumbu iliyokuwa ikikaribia. Jua lilipofika utosini akasikia mlio unaofuatana na wa cherehani yake, mlio mzito, wa chuma kinachozama ardhini. Alidhani ni mwangwi. Akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, na ule mlio ukaendelea.

Aliangalia shambani. Hapakuwa na mtu. Akainamisha macho kwenye kitambaa, akayainua tena, na safari hii palikuwa na tuta moja zaidi. Akajiambia ni uchovu, akainama, akainua macho, na tuta jingine lilikuwa limelala kando ya lile, udongo wake bado unateremka taratibu kujipanga mahali pake, na hapo Kitinda akakodoa macho bila kupepesa mpaka yakamtoka machozi, kwa sababu aliona kwamba kila alipofumba alikuwa akimpa nafasi mtu fulani. Jua lilipopinduka, mlio ukakoma.

Siku zilizofuata matuta yalikuja kuelekea nyumba. Yangeweza kwenda upande wowote, maana shamba lilikuwa kubwa, lakini yalikuja kuelekea nyumba.

Na Chiriku akanyamaza. Mtoto yule alipewa jina hilo kwa kuwa alizungumza mpaka usingizini. Aliwahi kumsemesha daktari wa meno huku koleo limo mdomoni. Sasa alikula kimya, alioga kimya, na mchana ulipokaribia alitega sikio dirishani. Mama yake akamgusa paji la uso kutafuta homa na hakuipata.

Mchana mmoja Kitinda alitupa jicho uani akamwona anavuka na mtungi mdogo kichwani, ameuachia mikono, anaelekea shambani. Chiriku hakuwahi kufundishwa kubeba kitu kichwani. Wala nyumba ile haikuwa na mtungi. Walitumia ndoo za plastiki. Kitinda alitimua mbio akamdaka begani.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Napeleka maji."

"Kwa nani?"

"Kwa yule anayelima."

"Hakuna anayelima, mama. Umemwona wapi?"

"Sijamwona," Chiriku akasema kwa sauti ya chini. "Huja chini ya dirisha. Ana kiu. Anasema maji hupelekwa na mdogo wa nyumba."

Kitinda akautwaa mtungi akaubamiza chini. Haukutoa maji. Ulikuwa umejaa udongo mbichi.

Shangazi aliletwa kutoka hospitali jioni hiyohiyo, jicho moja limefungwa bandeji. Hakuhitaji hata lile lililobaki. Aliposhuka tu kwenye gari alisimama getini akavuta pumzi puani.

"Nani amelima?"

Kitinda akatazama kule kwenye matuta, na Shangazi akamwahi.

"Jembe la baba yangu liko wapi?"

Kitinda alimweleza. Yule mama mzee, aliyekuwa mkali hata kwa madaktari, alikaa chini palepale kwenye vumbi na miguu akainyoosha mbele kama mtoto. Walipomfikisha chumbani akataka mlango ufungwe, kisha akamvuta Kitinda karibu hata pumzi zao zikagongana.

"Baba hakulima shamba lile peke yake," alinong'ona. "Tulifika hapa hatuna mtu. Walitupatia pori hili huku wanachekelea, maana walijua lina wenyewe. Baba akalima mpaka viganja vikatoka damu. Jioni moja aliliacha jembe limesimama shambani, akasema kwa sauti, anayetaka kazi na ashike. Asubuhi tukakuta matuta."

"Akaogopa?"

"Aogope nini? Alicheka mpaka akalia. Watu wote walikuwa wamemnyima mkono, huyu kampa. Akawa analiacha makusudi. Mchana tunasikia linalima, mtu hatumwoni. Shamba lilipokwisha ndipo jembe likaomba. Halikutaka chakula. Lilitaka maji, na liletewe na mdogo wa nyumba."

"Mdogo si wewe, Shangazi?"

"Nilikuwa na mdogo wangu." Jicho lake la wazi lilikuwa limejaa machozi. "Kimo cha Chiriku. Alipenda kubeba mtungi bila kuushika, ajionyeshe. Baba alimtwika mwenyewe. Mama alimshika baba miguu, naye baba akamburuta hivyohivyo mpaka mlangoni. Tulimwona mtoto anafika katikati ya shamba, anatua mtungi. Halafu tukaona anapokea jembe. Mtoto mdogo vile, analiinua juu kama mwanamume. Kisha hatukumwona tena."

Kitinda akatega sikio mlangoni kumsikia Chiriku.

"Anayepeleka maji ndiye anayepokea jembe," Shangazi akaendelea. "Jioni baba alilirudisha ghalani, akaweka ile sheria. Na jina la mdogo wangu likafa siku hiyo. Hata mama alikatazwa kumlilia kwa sauti. Nyinyi mnamkumbuka Babu Mgeni kwa shamba. Sawa, shamba ni hilo."

"Kwa hiyo anayelima sasa ni..."

"Ni yeye. Mmesimamisha jembe, ametumwa kazini. Amechoka, mwanangu. Anatafuta wa kumpokea."

Kitinda akampigia Mwenyekiti. Mwenyekiti alisikiliza, akakohoa, akasema Shangazi bado ana dawa za usingizi kichwani. Kadi zilikuwa zimegawiwa, turubai limekodiwa, mgeni rasmi amekubali. Zege halivunjwi. "Baada ya sherehe tutaunda kamati," alisema.

"Kaka, mtoto wangu atachukuliwa."

"Mfungie ndani basi!"

Akamfungia. Mchana uliofuata alimwaga maji yote ya nyumba, ya ndoo, ya birika, hata ya vase ya maua, akafunga milango na madirisha, akakaa kitandani na Chiriku kifuani. Shangazi alikaa mlangoni na fimbo yake. Mlio ukaanza mbali, ukavuka shamba, ukavuka ua, ukaja chini ya dirisha ukatua. Kitinda akashukuru, na bado hajamaliza kushukuru harufu ya udongo mbichi ikaingia kwa kupitia chini ya mlango, nzito hata mdomo ukajaa ladha yake, na sakafu ya saruji ikapasuka kizingitini ufa mwembamba ambao haukukimbia ovyo kama nyufa nyingine bali ulinyooka kama uliopigiwa kamba, na saruji ikainuka pande zake, tuta, kisha tuta jingine, taratibu, bila haraka yoyote, yanakuja kwa mpangilio kuelekea kitandani huku Shangazi akilia na kuita kwa sauti ndogo jina ambalo Kitinda hakuwahi kulisikia maishani mwake, na Chiriku akajinyoosha mikononi mwa mama yake akasema, "Amefika."

Jua likapinduka. Tuta la mwisho lilikuwa limeugusa mguu wa kitanda.

Jirani mmoja aliwahi kumsifia mwanamke fulani, fundi wa magodoro, kuwa anajua mambo ya majini. Kitinda alimkuta kwenye kibanda chake, amezama kwenye sufi hadi kiunoni, nyusi zimekuwa nyeupe.

"Majini ni kazi ya ziada," Fundi Magodoro alisema. "Godoro ndilo linalonilisha. Haya, sema." Lakini aliposikiliza mpaka mwisho aliacha kushindilia sufi, akaangaza nje, akashusha sauti. "Zege mnaweza kulivunja, haitasaidia. Mfanyakazi haondoki kwa kunyang'anywa jembe. Huachishwa na aliyemwajiri. Wewe uliushika ule mpini?"

"Sote tuliushika."

"Basi nyote ni waajiri wake. Kwenu wewe ni wa ngapi?"

"Wa mwisho. Ndiyo maana wananiita Kitinda."

"Basi atakusikiliza, mdogo humsikia mdogo mwenzake. Nenda kesho jua likiwa utosini. Usibebe maji. Usiguse jembe. Mwambie, kazi imekwisha. Hilo tu, kisha ugeuke urudi zako. Neno jingine usiongeze. Umenielewa?"

"Atakwenda wapi?"

"Hayo si yako. Atasimama, atashangaa, mwisho atatawanyika kama umande. Huyo amekaa kwa wenye pori miaka mingi kuliko aliyokaa kwenu. Si mtoto tena, hata ukimwona na sura ya mtoto. Usimwonee huruma, dada. Nakuomba."

Kesho yake Kitinda alimwacha Chiriku mikononi mwa Shangazi, akapiga moyo konde akaingia shambani. Alijua akikosea hapa atarudi akute kitanda kitupu, na wazo hilo ndilo lililomsukuma mbele. Vivuli vyote vilikuwa vimejificha chini ya wenyewe. Hata yeye hakuwa na kivuli. Alipofika kwenye zege akaona tundu jembamba lililo wazi na jembe halimo, na alipoinua macho akamwona.

Alikuwa mtoto wa kike, kimo cha Chiriku, gauni limeliwa na udongo mpaka halina rangi. Bega lake moja lilikuwa limeshuka chini kwa kazi. Aliinua jembe, akalishusha, akaliinua, bila kupumzika na bila kutazama kando, na nyuma yake, katika saa ile isiyo na kivuli, kilikuwa kimelala kivuli kirefu cha mtu mzima kinachoanzia miguuni pake na kuishia mbali sana shambani, na kila alipopunguza mwendo mtoto yule, kivuli kile kilijikunja kumwelekea, naye akaongeza. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato. Midomo ilikuwa imepasuka. Hakulia, alikuwa amepita kulia, na Kitinda ambaye alikuja akiwa na hofu peke yake alijikuta ana kitu kingine, kitu kibaya zaidi kwa safari ile, kwa sababu alikuwa mama na mtoto yule alikuwa na sikio la Chiriku, lilelile lililochongoka juu.

"Kazi imekwisha," alisema.

Jembe likasimama hewani. Kivuli kikatikisika, kikajikusanya kama nguo inayovutwa, kikatoweka. Jembe likaanguka chini.

Hapo ndipo alipotakiwa kugeuka. Aligeuka nusu. Mtoto alibaki amesimama, mikono imening'inia, anamtazama. Alikuwa anasubiri. Watoto wote husubiri hivyo, ukiwaambia kazi imekwisha husimama mpaka uwaambie waende wapi, na Kitinda alimwona akiyatembeza macho upande wa pori, upande wa nyumba, kisha akayarudisha kwake. Shamba hili lote, alifikiri, sare zote zile, turubai na mgeni rasmi, na huyu hakuna aliyekuja kumwita hata siku moja.

"Shangazi," alimwambia mtoto yule, na machozi yakamtoka. "Twende nyumbani."

Akatembea bila kugeuka. Nyuma yake alisikia nyayo ndogo kwenye udongo mlaini, kisha kwenye changarawe za ua, kisha hakusikia tena kitu.

Mwenyekiti alifika alasiri kukagua mahali pa turubai. Alilikuta jembe limelala juu ya matuta, zege halina mkwaruzo, na ndani ya zege tundu safi la ubapa. Aliinama akalitazama tundu lile kwa muda mrefu. Kisha akalibeba jembe akalirudisha ghalani kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutoa neno la kufunga.

Nyumba ikapumua. Nyufa za sakafuni zilibaki, lakini harufu ilikatika. Chiriku akaanza kuzungumza palepale alipoachia, akazungumza mchana kutwa, akauliza kwa nini vase haina maji, kwa nini Shangazi analia huku anacheka, kwa nini mjomba amekuwa mpole. Fundi Magodoro alipiga simu kuuliza.

"Ulisema yale tu?"

"Yale tu," Kitinda akajibu, na akajishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini.

Usiku ulipoingia alikwenda kumfunika binti yake. Chiriku alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, nusura aanguke, na shuka ameisukumia upande wa ukutani.

"Mbona umejibanza hapo? Sogea katikati."

"Namwachia nafasi."

Kitinda akainama. Godoro upande wa ukutani lilikuwa limebonyea kidogo, na kwenye mto palikuwa na udongo mweusi, mbichi, unaong'aa kwa unyevu. Alitaka kumnyakua mtoto wake akimbie. Lakini hakujua angekimbilia wapi, maana nyumbani ndipo hapo, na yeye ndiye aliyemkaribisha.

"Mama," Chiriku akanong'ona, "anauliza kama kesho kuna kazi."

"Mwambie hakuna." Kitinda alipiga magoti kando ya kitanda. "Mwambie kesho hakuna kazi yoyote. Alale tu."

Chiriku akageukia ukutani, akatega sikio. Alisikiliza kwa muda, akitikisa kichwa kuonyesha kwamba anaelewa. Kisha akamgeukia mama yake.

"Anasema baba yake alimwambia hivyohivyo, halafu akamtwika mtungi."